Chaza hawafiki Nyamugari, lakini dagaa wapo

Ni nadra siku hizi kukaa kwenye foleni ya mpakani bila kumsikia mtu akisema daktari amemwambia apunguze ugali. Mmoja ana sukari, mwingine ana presha, wa tatu hana ugonjwa wowote ila suruali za mwaka jana hazimwingii tena. Kazi ya kuvusha mizigo ina mchango wake. Mtu anakaa kwenye kiti cha lori kutwa nzima, anateremka usiku amechoka, anaagiza sahani iliyojaa, anasukumia na soda, kisha analala. Ushauri anaorudi nao kutoka zahanati, au kwenye simu ya jirani, ni ule ule: acha wanga, kula samaki na vyakula vya baharini.

Picha zinazofuatana na ushauri huo ndizo zinazowachekesha watu wa bara. Chaza wabichi juu ya barafu, limau pembeni, kamba wakubwa wekundu, ngisi wa kuchoma. Mtu wa Nyamugari, iwe ile ya Gitega au ile ya Muyinga, akitazama picha hiyo anaona mambo mawili. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mlangoni kwake, na bei ya sahani hiyo inaweza kuwa mtaji wake wa wiki. Anaweka simu mfukoni na kurudi kwenye ubugali wake wa muhogo. Makala haya yanamhusu yeye, na yanakuhusu wewe unayemletea samaki.

Tuanze na chaza wenyewe, maana sifa zao si za uongo. Katika gramu 100 za nyama ya chaza kuna wanga wa gramu 3 hadi 5 tu, na kwa madini ya zinki hakuna chakula cha kawaida kinachowazidi. Pweza na ngisi wako karibu nao, gramu 2 au 3. Kamba na kaa wana wanga mdogo kuliko huo, na samaki wa mapezi, awe wa baharini au wa ziwani, hana kabisa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba vyakula vya baharini vinafaa kwa mlo wa wanga kidogo hakudanganyi.

Mwambao wetu una chaza wake, wale wanaong'ang'ania kwenye mawe na mizizi ya mikoko. Unguja, akina mama wa Fumba na Bweleo wamewaokota kwa miaka mingi maji yanapokupwa, na baadhi yao wamejifunza hata kufuga chaza wa lulu. Mapishi ya pwani ni ya moto: chaza huchemshwa, hutolewa kwenye gamba, kisha hukaangwa au kuungwa kwa nazi. Wapishi hao wana akili. Chaza hula kwa kuchuja maji, na uchafu uliomo kwenye maji hayo unabaki ndani yake, pamoja na vijidudu vya jamii moja na vile vya kipindupindu. Watu wanaodhurika zaidi na vijidudu hivyo ni wenye ini bovu na wenye kisukari. Yaani mtu yule yule aliyeambiwa apunguze wanga ndiye hasa asiyetakiwa kumla chaza akiwa mbichi, hata picha iwe nzuri namna gani.

Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa kwa shughuli zako na ukawakuta, kula, lakini wapikwe. Kabla ya kupika, gamba liwe limefungwa, au lijifunge ukiligonga. Lililoachama na halijongei, mnyama wake amekufa. Baada ya kupika, gamba lililokataa kufunguka nalo litupe. Waliookotwa karibu na mifereji ya maji machafu ya mji waache hata kama ni wa bure. Na wazo la kuwapandisha wakiwa hai hadi Burundi liache pia, kama huna baridi ya uhakika njia nzima. Mzigo ukikaa siku moja kwenye foleni bila barafu, ulichobeba ni sumu.

Habari ya kupunguza wanga si mpya. Mwaka 1863 mtu mmoja wa London, William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa mazishi, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua unene kwa kuacha mkate, viazi, sukari na bia. Afrika Kusini jina lake limegeuka kuwa jina la mlo wenyewe, hasa baada ya Profesa Tim Noakes kuupigia debe. Baraza linalosimamia taaluma za afya nchini humo lilimfungulia shauri kwa ushauri alioutoa mtandaoni, na mwaka 2017 akaonekana hana hatia. Chama cha Kisukari cha Marekani nacho kiliandika mwaka 2019 kwamba, miongoni mwa njia za ulaji, kupunguza wanga kwa jumla ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu. Hakikusema kila mtu afanye hivyo, wala kwamba kiwango ni kimoja kwa wote.

Wengi huita mlo wa wanga kidogo ule usiozidi gramu 130 za wanga kwa siku. Wenye msimamo mkali hushuka chini ya 50. Sasa pima mwenyewe. Unga wa mahindi, karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga, na unga wa muhogo unazidi hapo. Gramu 200 za unga, ambazo mtu mzima mwenye njaa huzimaliza bila kupumzika baada ya kusongwa, zina wanga wa gramu 150 hivi. Kiwango cha siku nzima kimekwisha kwa mlo mmoja, kabla ya chai yenye sukari na chupa ya soda ambayo peke yake inaongeza zaidi ya gramu 30. Urwarwa na bia sijazihesabu.

Hapo ndipo dagaa wanapoingia. Nyamugari ya Gitega inategemea zaidi magharibi: samaki wake hupanda milima kutoka Bujumbura, mwendo wa kilomita 100 hivi hadi mjini Gitega, au hutoka Rumonge upande wa kusini. Hao ni ndagala wa Ziwa Tanganyika, na pamoja nao mukeke, ambaye Kigoma wanamwita mgebuka. Nyamugari ya Muyinga iko upande wa mpaka wa Kobero, na huko magari yanayovuka kutoka Kabanga huja pia na dagaa wa Ziwa Victoria waliokusanywa Mwanza na Kagera. Jina la mahali ni moja, lakini chungu kinaweza kuwa na samaki wa maziwa mawili.

Dagaa ni wadogo lakini majina yao ni mengi, na mfanyabiashara asiyeyajua anaweza kulipia mzigo asioutaka. Ndagala wa Bujumbura, dagaa wa Kigoma na kapenta wa Mpulungu ni wa ziwa moja. Sambaza wa Goma na Bukavu ni ndugu yao. Alipelekwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye akazaana. Dagaa wa Mwanza, anayeitwa omena Kenya na mukene Uganda, ni samaki wa ukoo mwingine kabisa. Ana uchungu kidogo na bei yake huwa chini kuliko ya dagaa wa Kigoma. Ukimuuzia mtu wa Gitega dagaa wa Mwanza kwa jina la ndagala, atakula mara moja tu, na jina lako litazunguka soko zima.

Kwa anayepunguza wanga, hata hivyo, tofauti hiyo ni ya ulimi na mfuko. Wote hawana wanga. Dagaa aliyekauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa, anatoa kalsiamu ambayo minofu ya sangara haitoi. Haombi jokofu. Anakaa kwenye gunia nyumba isiyo na umeme, jambo ambalo chaza hawezi.

Kama samaki wapo, kwa nini wanaowala hawapungui sukari? Jibu limo kwenye neno kitoweo. Kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi ya Warundi mezani, samaki huyu si chakula chenyewe. Ni kitu cha kulia chakula. Kijiko cha dagaa waliokolea chumvi, pilipili na mawese kimepikwa makusudi ili kishushe tonge kumi. Ukimwambia mtu ale dagaa zaidi bila kumwambia ageuze sahani, ataongeza dagaa na ataongeza ugali wa kuwalia.

Kugeuza sahani maana yake ni hii: dagaa na mboga ndiyo shibe, tonge ndilo kionjo. Nyanda za juu za Burundi zina mboga za kujaza nafasi hiyo kuliko nchi nyingi. Lengalenga, ambazo gramu 100 zilizopikwa zina wanga wa gramu 4 hivi. Kabichi, bilinganya, nyanya chungu, uyoga wakati wa mvua. Parachichi, ambalo lina mafuta ya kushibisha na wanga mdogo unaoyeyuka tumboni. Sombe iliyotwangwa na kupikwa muda mrefu kwa mawese nayo imo, ilimradi isiwekewe unga wa kuikoleza.

Maharage ndiyo yanayoleta ubishi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina wanga wa gramu 40 hivi, kwa hiyo wafuasi wakali wa mlo huu huyakataza. Kwa maoni yangu, kumwambia Mrundi aache ibiharage ni kumwambia aache kula. Wanga wa maharage husagika taratibu, sehemu yake ni nyuzinyuzi, na sukari haipandi ghafla kama kwa ubugali wa muhogo. Aliye na kisukari apunguze ugali kwanza, aone kipimo chake kinasemaje, ndipo aanze kuyatazama maharage kwa jicho baya.

Kupika si kazi. Dagaa wakavu wachambue, toa mawe, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne hadi mchanga uishe, kisha wakaange kwenye sufuria kavu mpaka waanze kunukia. Weka mawese kidogo, vitunguu, nyanya nyingi, pilipili, kisha lengalenga dakika za mwisho. Karanga za kusaga zinafaa kwa wenye kupenda mchuzi mzito, unga haufai. Mtu mzima anayekusudia kushiba bila ugali anahitaji kama gramu 60 au 80 za dagaa wakavu kwa mlo, ambazo kwa macho ni nyingi kuliko alivyozoea kupakuliwa, maana alizoea kiganja kwa familia.

Safarini kuna mtego mwingine. Mukeke wa kuchoma kwa vitunguu ni chakula safi kwa mtu wa wanga kidogo, lakini mhudumu atamleta na ndizi za kukaanga bila kuulizwa, na wewe utazila kwa sababu zimelipiwa. Sema mapema ulete kabichi au kachumbari. Samaki waliopakwa unga wa ngano kabla ya kukaangwa si wale wale. Kopo la sadini, lile linalouzwa kila duka kuanzia Kigoma hadi Bukavu, ni rafiki wa dereva. Chagua lililo katika mafuta au maji, maana baadhi ya yale ya sosi ya nyanya yameongezwa sukari.

Sasa maonyo, na haya yasomwe na anayetumia dawa. Mtu anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kama glibenklamaidi, akikata ugali ghafla huku dozi ikibaki ile ile, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Akiwa nyuma ya usukani kwenye mteremko, maafa hayatakuwa yake peke yake. Aende kwanza kwa daktari, dozi ipangwe upya, na apime sukari mara kwa mara wiki za mwanzo. Mwenye figo mbovu asiongeze protini bila kuuliza. Mwenye jongo ajue kwamba dagaa, sadini na chaza ni kati ya vyakula vinavyolichochea. Mwenye presha aachane na samaki wa chumvi, au amroweke na kumwaga maji mara mbili. Mjamzito na mtoto hawahusiki na mlo huu kabisa.

Hilo la mtoto lina uzito kuliko yote niliyoyataja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa watoto hao, dagaa waliosagwa ndani ya uji au kuchanganywa na maharage ni kati ya vyakula vichache vyenye nguvu ambavyo mama anaweza kuvinunua kwa kipimo kidogo sokoni. Mtu mzima mwenye kipato anapoanza kula kwa mlo mmoja kile kilichokuwa kinatosha familia nzima, anashindana na mama huyo kwenye meza ile ile. Mgonjwa wa sukari ana haki ya kushindana, maana kwake ni tiba. Anayetaka tu suruali imwingie anaweza kugawa shibe yake kwa mayai, karanga, parachichi na kuku, akamwachia mtoto wa jirani dagaa. Na baba anayeacha wanga asiwaondolee wanawe ugali. Wao waongezewe samaki juu yake.

Ziwa lenyewe linashindwa kutufuata. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto, virutubisho vya chini havipandi juu kama zamani, na uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Wavuvi nao wameongezeka. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zina mamlaka ya pamoja yenye makao yake Bujumbura, na zilikubaliana ziwa lipumzishwe miezi mitatu kila mwaka. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Wavuvi walinung'unika, na njaa ya miezi mitatu si kitu cha kudharau, lakini binafsi sioni njia nyingine. Samaki wasiopewa nafasi ya kuzaa hawatakuwa kitoweo wala tiba.

Kwa mfanyabiashara, kufungwa kwa ziwa kunamaanisha kwamba mzigo wa Mei unaamuliwa na ukaushaji wa Aprili. Dagaa waliokaushwa kwenye chanja za wavu hukauka pande zote na hawana mchanga. Walioanikwa chini huongeza uzito wa gunia kwa kokoto, na mteja wa sukari anayewala kwa wingi atazihisi menoni kuliko anayekula kijiko. Shika kiganja, kibane. Waliokauka huvunjika, waliobaki na unyevu hujikunja na baada ya wiki mbili huota ukungu. Rangi iwe ya fedha. Wakigeuka manjano na kunuka mafuta yaliyochacha, hata bei ya kutupa ni ghali.

Pale Kobero, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 na uliotoka ndani ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki unaweza kupita kwa utaratibu rahisi: cheti kifupi cha uasili kinachogongwa muhuri hapo hapo mpakani, bila ushuru wa forodha, mradi bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Uliza kabla hujapakia kama dagaa wako wamo, na kwa jina gani. Utaratibu huo haufuti kibali cha afya ya samaki wala kodi za ndani, na wengi hukwama hapo wakidhani cheti kimoja kinatosha.

Anayekwenda kununua Kigoma baada ya 15 Agosti aangalie pia mbingu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi hubaki ufukweni, na bei hupanda kwa siku kadhaa. Wiki moja baada ya mwezi mpevu vichanja hujaa tena.